Redio ni ya Nyumba Nzima

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za nchi yetu kila chombo kina mwenyewe. Jembe la mama linajulikana, baiskeli ya baba inajulikana, hata kigoda cha bibi hakikaliwi ovyo. Redio, hata hivyo, ni chombo cha namna ya pekee. Kasha lake laweza kununuliwa na mtu mmoja kwa fedha zake, lakini maneno yatokayo ndani yake hayakununuliwa na mtu. Yametumwa kwa wote. Redio ya umma mwenyewe ni umma, na habari isomwayo humo ni amana ya kila mwenye masikio. Nani basi, ndani ya nyumba, ana haki ya kuisikia habari hiyo, kuiuliza na kuijadili? Swali hili laonekana dogo. Mimi nimeona katika wilaya za Kasulu na Kibondo kwamba laweza kumnyima mtu mazishi ya baba yake mzazi.

Nilikuwa huko mwezi Machi mwaka 2025, siku chache baada ya Serikali kutangaza, tarehe 13 ya mwezi huo, kwamba ugonjwa wa Marburg uliozuka wilayani Biharamulo umekwisha. Kazi iliyonipeleka ilikuwa nyingine, nami nilikuwa nimeimaliza. Ikanibakia siku moja. Nikaazimia kuitumia kwa jambo ambalo sisi wafanyakazi wa magazeti hulifanya kwa nadra: kusikiliza redio ya taifa toka alfajiri hadi usiku, si katika chumba cha habari, bali majumbani mwa watu, ili nione habari hufanya kazi gani baada ya kumtoka msomaji wake studio.

Alfajiri ya Kasulu ni ya baridi. Mji uko juu milimani, na wakati wa mvua ukungu hulala juu ya migomba hata jua linapokuwa limekwisha panda. Mwenyeji wangu alikuwa bibi wa miaka sitini na minane, mjane, mkulima wa maharage na mahindi. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, kama zilivyo nyingi za huko. Nilimkuta ameketi jikoni, moto umekwisha shika, na redio imewekwa juu ya ubao ukutani, palepale ambapo wengine huweka chumvi na sahani. Kasha lilikuwa jeusi kwa moshi, hata maandishi yake hayakusomeka tena.

Taarifa ya habari ya asubuhi ilipokwisha, ikafuata hali ya hewa. Bibi akaacha kukoroga uji. Msomaji akataja kaskazini mwa mkoa wa Kigoma. Bibi akatikisa kichwa, akaendelea kukoroga. "Hiyo si yetu," alisema. "Hiyo ni mvua ya mdogo wangu, Kibondo."

Nilistaajabu, maana wasomi wengi niwajuao hawajui jambo hilo. Mamlaka ya Hali ya Hewa huzihesabu wilaya za Kibondo na Kakonko pamoja na nchi zilizo kandokando ya Ziwa Victoria, zinazopata mvua za vuli na za masika. Kasulu na sehemu iliyobaki ya mkoa huhesabiwa pamoja na zile zinazopata msimu mmoja mrefu. Asiyejua mpaka huo aweza kupanda kwa utabiri wa jirani. Bibi yule hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alikuwa amesikiliza kwa miaka mingi, na kila mwaka alikuwa amelinganisha aliyoyasikia na aliyoyaona shambani.

Nilimwuliza kwa nini redio iko jikoni na si sebuleni. Akaniangalia kwa muda, kisha akaanza kunisimulia.

Baba yake alikuwa mtu wa Kibondo. Kama vijana wengi wa Buha wa zama za ukoloni, alichukuliwa na mawakala wa mashamba ya mkonge, akaenda Tanga kuwa manamba. Alikaa Muheza miaka mingi, akarudi akiwa mtu mzima, akiwa amemwacha mwana mmoja wa kiume kulekule mkongeni. Binti wa kwanza, ndiye bibi huyu, aliolewa Kasulu. Mzee alipofariki mwaka 1986, watoto wake walikuwa wametawanyika. Jamaa wakaenda posta, wakapeleka telegramu Radio Tanzania Dar es Salaam ili litangazwe tangazo la kifo. Vijana wa leo hawayajui matangazo yale. Jina la marehemu lilisomwa, siku ya mazishi, na mahali. Kisha majina ya watoto na jamaa, mmoja mmoja, na mji wa kila mmoja, ili habari ziwafikie popote walipo. Nchi nzima ilikuwa ikinyamaza kusikiliza, kwa sababu hakuna aliyejua zamu yake itakuwa lini.

"Kaka yangu alisikia akiwa Muheza," alisema bibi. "Toka huko hadi kwetu ni safari ya siku kadhaa, naye alisikia. Mimi nilikuwa hapa Kasulu, ningeweza kufika kesho yake. Sikusikia."

Hakusikia kwa sababu redio haikuwapo nyumbani. Ilikuwa National ya mawe manne, na mumewe alikuwa na desturi ya kuitia begani kila jioni na kwenda nayo kilabuni, kwenye pombe ya ndizi, ili wanaume wasikilize habari pamoja. Mke na watoto walibaki na giza lao. Kulikuwa na jambo moja tu lililowafikia: mwezi Aprili 1984, Mwalimu Nyerere alipowatangazia wananchi kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine, wanawake wa mtaa ule walilijua kwa sababu walisikia wanaume wakilia. Siku ya tangazo la baba yake hakuna aliyelia. Mumewe alikuwa amelewa, na wengine hawakuijua familia ya Kibondo. Mtu mmoja tu, jirani, alilishika jina lile. Alinyamaza hadi siku ya tisa, walipokutana kisimani na mkewe, ndipo pole zikatolewa. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu, "Nilidhani mmekwisha sikia."

"Siku tisa," alisema bibi, "nililima, nikacheka, nikaimba kanisani, na baba yangu yuko kaburini."

Hakumtukana mumewe mbele yangu. Alisema hakuwa mtu mbaya, na kwamba alimwomba radhi. Lakini baada ya mavuno alipeleka sokoni magunia mawili ya maharage yaliyokuwa jasho lake mwenyewe, akanunua redio nyingine, iliyotoka ng'ambo ya mpaka kama zilivyotoka bidhaa nyingi katika miaka ile ya uhaba. Akaipigilia ubao ukutani jikoni. Kwa majuma kadhaa mumewe hakusema neno. Kisha jioni moja mawe ya redio yake yalikwisha, na ya dukani hayakuwapo, na yale aliyoyaanika juani hayakupata nguvu. Taarifa ya saa mbili ikakaribia. Akaja hadi mlangoni mwa jiko, akavuta kigoda. Tangu kuoana kwao alikuwa hajapata kukaa mahali pale. Walisikiliza pamoja, na habari ilipokwisha, akaanza kumweleza jambo alilodhani mkewe hakulielewa. Mke akamjibu kwamba amelielewa, tena yeye ndiye aliyelikosea.

"Ndipo tulipoanza kuzungumza," alisema. "Zamani tulikuwa tukiambiana tu."

Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha kwamba mwanamke aweza kuketi na kubishana na redio. Akacheka. Alisema alijifunza mwaka 1973, akiwa msichana wa miaka kumi na sita, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Wasomaji wenye umri watakumbuka. Kwa majuma kumi na mawili vikundi vya kusikiliza redio vilikutana kila pembe ya nchi, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Viongozi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Watu walisikiliza kipindi, wakasoma kurasa chache, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya kabla ya kuonana tena: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Redio moja ilitosha watu wengi, na mama mwenye mtoto mgongoni aliulizwa maoni yake sawa na balozi wa nyumba kumi. Bibi alikuwa mwenye kushika kitabu katika kikundi chao kwa sababu alijua kusoma. Baadaye akaolewa, na redio ikawa ya kilabuni.

Nilipokuwa nikiaga, bibi alinipa kifurushi cha maharage na salamu za kupeleka Kibondo kwa mdogo wake, ambaye ndiye anayemtunza mama yao, bado hai, mwenye umri wa karibu miaka tisini. Hivyo siku yangu ya redio ikapata mahali pa kumalizikia.

Katika basi la kwenda Kibondo dereva aliweka muziki, lakini ilipokaribia saa saba mchana abiria mmoja mwenye mvi akamwomba atafute taarifa ya habari. Vijana wakaguna. Dereva akatii. Mzee yule akaniambia, bila kuulizwa, kwamba kinachomkosesha raha siku hizi ni kutozisikia ngoma za zamani zilizotangulia taarifa, zile za Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma kipofu aliyezicharaza ngoma nyingi peke yake. Alisema ngoma zile zilikuwa zikimwita kila mtu kwa jina lake.

Habari zikasomwa. Ikatajwa mbolea ya ruzuku. Mama mmoja aliyekuwa kiti cha mbele akauliza kwa sauti, kana kwamba msomaji wa habari yumo garini, "Na kwetu inapatikana wapi?" Msomaji wa habari alikuwa amekwisha ingia katika mambo ya nchi za nje, lakini swali lile halikupotea. Kondakta alijibu la kwake, mwalimu wa nyuma akamsahihisha, mkulima mmoja akatoa simu akaonyesha namba yake ya usajili na kueleza alivyoipata. Mama yule alishuka njiani akiwa anajua ofisi ya kwenda na jina la karatasi ya kuchukua. Redio ilikuwa imemwambia taifa limefanya nini. Waliomwambia afanye nini yeye walikuwa abiria wenzake.

Chuoni tulifundishwa kwamba habari kamili hujibu maswali ya nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Ni mafundisho mema na sina nia ya kuyapunguza. Hata hivyo liko swali jingine ambalo hakuna mwandishi awezaye kulijibu akiwa Dar es Salaam au Dodoma: sisi wa hapa latuhusuje? Jibu la swali hilo hutolewa garini, jikoni, barazani. Redio yetu ya taifa ililijua jambo hili tangu zamani. Ilianza mwaka 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, ikisikika mjini na kandokando tu. Mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania, na leo kazi yake imerithiwa na TBC Taifa. Moja ya vipindi vyake vilivyokumbukwa sana kiliitwa Mazungumzo Baada ya Habari. Jina hilo peke yake ni somo. Habari kwanza, kisha mazungumzo. Na mazungumzo hayo hayakukusudiwa yaishie redioni.

Barabara ile hupita katika nchi iliyoona thamani ya neno la redio kuliko sehemu nyingi. Karibu na Makere, upande wa Kasulu, iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Kibondo nayo imepokea Warundi kwa makumi ya maelfu, hasa baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, na tena toka mwaka 2015. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Kwa hiyo mtu wa Kibondo akigeuza kitufe cha redio yake hahitaji mkalimani kuyaelewa ya jirani.

Wazee wa huko huzungumza habari za redio mbili za mwaka 1994. Ya kwanza ni ile ya RTLM ya Rwanda, iliyotaja watu kwa majina ili wauawe. Waliokimbia mauaji na vita vile walimiminika Ngara, jirani na Kibondo, watu wapatao 250,000 katika muda wa saa ishirini na nne tu mwishoni mwa mwezi Aprili. Mwezi Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio hiyo. Ya pili ni matangazo ya BBC yaliyoanzishwa mwaka uleule kwa Kinyarwanda na Kirundi, yakaitwa Gahuzamiryango, yaani mwenye kuziunganisha familia. Yalisoma majina vilevile, lakini ili watoto waliopotea wapate wazazi wao. Chombo ni kilekile na kutaja majina ni kulekule. Tofauti ilikuwa nia ya msemaji, na nadhani ilikuwa pia katika wasikilizaji, maana redio ya chuki haipendi nyumba ambamo mtu aweza kuuliza, "Hivi ni kweli?"

Nilifika Kibondo alasiri, nikapokewa kwa heshima zote kwa sababu ya kile kifurushi cha maharage. Nyumbani mle walikuwamo watu wa vizazi vinne: bibi mkubwa, yaani mama yao, binti yake, ndiye mwenye nyumba, binti wa huyo, mfanyabiashara wa nafaka, na watoto wake wawili, kijana wa miaka kumi na tisa na msichana wa miaka kumi.

Saa mbili usiku ilipotimu, msichana yule alivuta mkeka wake karibu na kitanda cha bibi mkubwa. Bibi huyo anasikia vizuri, ila Kiswahili chake ni kidogo, hasa Kiswahili cha taarifa ya habari. Kazi ya msichana, kila usiku, ni kumpa habari kwa Kiha. Nilimtazama kwa makini. Hakutafsiri kila neno. Alisikiliza hadi mwisho wa habari, akatulia kidogo, kisha akasema kwa maneno machache yaliyo yake. Alipofika kwenye mfumuko wa bei alikwama, akamgeukia mama yake. Mama akamwambia, "Mwambie sukari tuliyonunua mwaka juzi na tuliyonunua juzi." Msichana akaeleza. Bibi mkubwa akaguna kwa kuelewa, akauliza swali, nalo swali likarudi kwa Kiswahili hadi kwa mama, na jibu likaenda tena kwa Kiha. Nilihisi kwamba taarifa ile, iliyoandikwa na wahariri na kupitiwa na wakubwa wao, ilikuwa inamalizwa kuandikwa pale, na mtoto wa darasa la nne. Sisi wa vyombo vya habari tungefanya vema kuandika tukimkumbuka mtoto huyo, tusimpe mizigo ya maneno asiyoweza kuibeba.

Baada ya habari ndipo nilipoyasikia ya Marburg. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuzuka kwa ugonjwa huo Biharamulo tarehe 20 Januari 2025. Biharamulo ni pale Nyakanazi, njia panda ambako mama mwenye biashara ya nafaka hupeleka mzigo wake. Uvumi ulikuwa umetangulia tangazo. Kijana wa nyumba ile alikuwa ameuona siku kadhaa mapema katika simu yake, ujumbe usio na mwandishi, uliochanganya kweli na uongo. Aliusoma akiwa na visikilizio masikioni, akalala. Mama yake alikwenda Nyakanazi asubuhi yake, akashikana mikono na watu, akala kwa mama lishe, akarudi. Siku redio ilipotangaza, nyumba nzima ilishtuka, na kijana akasema alikuwa amekwisha kuona habari hizo. Alipoulizwa kwa nini hakumwambia mama yake, alijibu, "Nilidhani mmesikia."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimeyasikia maneno hayo asubuhi ya siku ileile, kilometa nyingi toka pale, kutoka kinywani mwa bibi aliyekuwa akimnukuu jirani wa mwaka 1986.

Mama yule hakupata dhara. Lakini alinieleza alivyokaa usiku ule akijihesabia watu aliowagusa. Kilichomtuliza ni mazungumzo ya daktari redioni siku iliyofuata, aliyeeleza polepole kwamba ugonjwa huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, dalili zake ni zipi, na kwamba mwenye shaka apige namba 199 au aende kituo cha afya. Walisikiliza wote, wakagawana kazi. Mmoja akaweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Mwingine akapita kwa majirani. Mama akasimamisha safari zake kwa muda. Msichana akamweleza bibi mkubwa kwa nini wageni hawatamshika mkono, jambo ambalo kwa mzee wa Kiha ni zito kuliko homa.

Usiku ulipokuwa umekwenda, bibi mkubwa aliuliza, kupitia kwa msichana, kama nimemwona binti yake wa Kasulu na kama ni mzima. Nikasema ni mzima, na redio yake iko jikoni. Akanyamaza. Kisha akasema maneno marefu, na msichana akayaleta kwa Kiswahili, akitulia kila kituo kama alivyofanya kwenye taarifa ya habari. "Bibi anasema, ile siku ya tangazo, yeye ndiye aliyewaambia walioenda posta kwamba jina la binti wa Kasulu litajwe la kwanza. Anasema walichelewesha kaburi hadi jua likaelekea kuzama, wakimngoja. Anasema kwa muda mrefu alidhani alikataa kuja."

Mwenye nyumba akasema kwa sauti ndogo kwamba jambo hilo walilimaliza zamani, dada yake alipokuja na kueleza. Lakini bibi mkubwa alitaka lisemwe tena mbele ya watoto, nami nilielewa sababu yake.

Siku hizi matangazo ya vifo hayasubiriwi redioni kama zamani. Simu imechukua kazi hiyo, na imeifanya kwa haraka. Hakuna mwenye akili atakayelilia telegramu. Hatari niliyoiona ni nyingine. Zamani redio ilitoka nyumbani ikaenda kilabuni juu ya bega la baba. Leo habari hubaki nyumbani, ila imefungwa ndani ya sikio la mtu mmoja mmoja. Watu watano wakiwa chumba kimoja waweza kuwa na taarifa tano, na kila mmoja akadhani wenziwe wamesikia. Baba mwenye redio begani alionekana, na mke aliweza kumlaumu. Kijana mwenye visikilizio haonekani ameondoka na kitu.

Kwa hiyo natoa ushauri mdogo kwa wazazi wanaosoma ukurasa huu. Chagueni taarifa moja ya habari kwa siku, ya saa mbili usiku ikiwezekana, isikilizwe na nyumba nzima pamoja, watoto wakiwamo. Ikiisha, zimeni redio kwa robo saa. Mwulizeni mdogo kuliko wote amesikia nini. Mwelezeni mzee kuliko wote kwa lugha aliyonyonya. Aliyeona jambo katika simu aliweke mezani lipimwe kwa maswali: nani amesema, amejuaje, na redio ya taifa imesemaje? Mama asiambiwe tu. Aulizwe, maana ndiye aendaye sokoni, kisimani na zahanati, na mara nyingi ndiye ajuaye kama habari imefika kijijini au imeishia njiani.

Na kama katika nyumba yako liko neno ulilolisikia leo, la msiba, la mvua, la ugonjwa au la bei ya maharage, usilale nalo ukidhani wenzako wamekwisha sikia. Liseme. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mwenye kukaa na habari peke yake hutofautiana naye kidogo tu.